Kuchemsha maji hakukunisaidia

Nina kibanda cha samaki karibu na ufuo wa Dunga, Kisumu, na kwa miaka mingi dawa yangu ya maji ilikuwa moja tu: moto. Ziwa likigeuka kijani kibichi kama rangi ya ukuta iliyomwagika, nilichota hivyo hivyo, nikachuja kwa leso, nikachemsha mpaka yatokote.

Mwaka jana kitinda mimba wangu aliharisha na kutapika siku tatu. Siwezi kuapa kwamba ni ziwa. Lakini muuguzi aliniuliza maji yalikuwa na rangi gani, nami nilipojibu akatikisa kichwa. "Mama, hao si vijidudu vya kufa kwa moto tu."

Ule ute wa kijani ni sianobakteria, bakteria wa majini wanaofanana na mwani, na baadhi yao hutoa mikrosistini, sumu ya ini. Moto hauivunji, tena ukichemsha, seli hupasuka na kuimwaga majini. Ni kama saksitoksini kwenye chaza wa baharini: wapike utakavyo, sumu haiondoki. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 ya mikrosistini-LR, aina mojawapo ya sumu hiyo, kwa lita ya maji ya kunywa. Jicho langu litapimaje hiyo?

Nikanunua tanki la lita 1,000 la kukinga mvua. Kiangazi nanunua maji ya bomba kwa mkokoteni, na faida inaliwa kweli kweli.

Kazi kubwa ni samaki. Sumu hukaa zaidi kwenye ini na utumbo kuliko kwenye minofu, kwa hiyo ngege, yaani tilapia, simwoshi tena ziwani. Namtumbua taratibu, utumbo na ini vyote ndooni, ndipo namwosha kwa maji ya tanki, na ubao nausugua kabla ya kumshika mwingine. Kuna mzee anayependa utumbo wa mbuta, yaani sangara, ukaangwe kwa mafuta yake wenyewe. "Nyara, binti yangu, unautupa utamu!" hunilalamikia. Namwongezea kipande cha mkia, anakula huku amenuna.

Omena, yaani dagaa, ndiye alinishinda. Huliwa mzima, utamtumbuaje? Wiki za kijani simpiki kabisa.

Wenzangu ufuoni walinicheka: kwani babu zetu walikunywa nini? Nikawaambia ghuba ya babu zetu haikumiminiwa mbolea ya mashamba na majitaka ya mji mkubwa hivi. Wakanyamaza kidogo, kisha mmoja akauliza tanki nilinunua pesa ngapi.