Nilivyoishi na mke anayesomea udaktari tangu aingie wodini

Mke wangu yuko mwaka wa tano wa udaktari hapa Dar es Salaam, amebakiza mitihani ya mwisho, na ndoa yetu ni imara kuliko siku tuliyoifunga. Naanza na hilo kwa sababu alipoingia mwaka wa tatu, watu ninaowaheshimu walituhesabia miezi. Shangazi yangu alinikalisha chini akaniambia, "Mwanangu, mwanamke anayelala nje kila wiki si mke huyo, ni mpangaji." Jamaa wa Kariakoo, ninakouza vipuri vya pikipiki, wakanishauri nimwambie aahirishe masomo mpaka mtoto akue. Mwingine akasema niwe nampigia kila baada ya muda usiku nijue yuko wapi. Ushauri ule ulinikera na unanikera mpaka leo, maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuishi na mtu anayezunguka wodi.

Miaka miwili ya mwanzo ilikuwa ya darasani na maabara: anatomia, fiziolojia, bayokemia. Alitoka asubuhi na kurudi jioni kama mwanafunzi mwingine yeyote. Mwaka wa tatu ndipo walipomvika koti jeupe na kuanza kumzungusha idara kwa idara: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi. Kila idara ina desturi zake na nyumba hubadilika nayo. Akiwa upasuaji, kengele ya simu ililia giza bado nene, kwa sababu mgonjwa lazima awe ameshaonwa na taarifa zake ziko tayari kabla daktari bingwa hajaanza raundi, yaani kupita kitanda kwa kitanda kuwaona wagonjwa. Akiwa uzazi, usiku na mchana ni kitu kimoja, mtoto huzaliwa saa anayotaka yeye.

Kilichotuokoa ni rota, yaani ratiba ya zamu. Idara mpya ikianza ananitumia picha ya rota, nami naihamishia kwenye kalenda iliyobandikwa mlangoni: kalamu nyekundu ni zamu ya usiku, bluu ni siku inayofuata zamu, kijani ni mtihani wa kufunga idara. Mambo mengine yote yanapangwa baada ya hapo: likizo ya dada anayetulelea mtoto, safari ya kuwasalimia wazazi Morogoro, hata wageni. Vikao vya harusi nimevikosa vingi, michango nimetoa yote. Mwanzoni ndugu walinung'unika. Siku hizi wanapiga simu kwanza kuuliza, "Shemeji yuko zamu lini?"

Siku za bluu ndizo watu wasizozielewa. Wanadhani mtu akimaliza zamu asubuhi anarudi nyumbani akiwa mzima. Mara nyingi anatakiwa kwanza kwenye raundi awaeleze walimu wagonjwa waliopokelewa usiku, kwa hiyo anaingia ndani mchana, macho mekundu. Siku hiyo simuulizi ada ya shule ya mtoto wala bili ya maji. Maji ya kuoga yapo tayari, chumba kina giza, mtoto nimekuja naye dukani. Jioni akiamka tunaongea, na anaongea mwenyewe bila kuulizwa. Alipokuwa wodi ya watoto kuna siku hakuongea kabisa, nami sikumlazimisha.

Chakula nako nilipewa ushauri mbovu. Shangazi alisisitiza mume mwema apeleke hotipoti hospitalini. Nikanunua hotipoti nzuri, bei yake ilinuma kidogo, nikawa namwekea wali, maharage na mchicha. Ilirudi nyumbani imejaa vilevile. Wodini hakuna pa kukaa ukafungua hotipoti, na mwalimu akiita huwezi kusema subiri nimalize kula. Tukabadili. Sasa anabeba mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu, na chapati iliyokunjwa na yai ndani, vitu vinavyoliwa kwa mkono mmoja kwa dakika tano. Na ukiwa unakaa huku kwetu Kimara, masika ikianza mwenzako awe na begi lenye nguo za kubadili na rafiki wa hosteli aliyekubali kumpokea, kwa sababu Jangwani pakijaa maji mabasi ya Mwendokasi husitishwa na kurudi nyumbani kunakuwa mtihani mwingine.

Sasa nifike kwenye jambo ninalojivunia kuliko yote. Kuna mtihani unaitwa kesi ndefu. Mwanafunzi anapewa mgonjwa asiyemjua, anapewa kama saa moja kumhoji na kumpima, kisha anasimama mbele ya wasahihishaji na kueleza kila kitu. Mke wangu alikuwa anajua vitabu, lakini kwenye kuhoji alikuwa anaharakisha. Nikamwambia, mimi nitakuwa mgonjwa wako.

Mwanzo nilikuwa mgonjwa rahisi. Kikohozi wiki kadhaa, homa, jasho usiku, mwili unapungua. Anasema kifua kikuu, tumemaliza. Nikaona hivi hajifunzi kitu. Mimi nakaa dukani na watu wa kila aina, najua mtu mzima anavyoficha mambo yake. Nikaanza kumtungia wagonjwa wa kweli. Nilikuwa mvuvi wa Kunduchi aliyevimba miguu na kuishiwa pumzi. Akaniuliza swali lao la ugonjwa wa moyo, la kujua kama mtu huishiwa pumzi akilala bila kuinua kichwa: "Unalalia mito mingapi?" Nikamjibu, "Dokta, mimi sina mto, nakunja shuka." Akakwama. Nikamwacha akwame, maana mgonjwa wa kweli hatamsaidia. Akafikiri, akarudi: "Ukilala chali kabisa unajisikiaje? Usiku huwa unaamka ukitafuta hewa?" Hapo nikamjibu yote.

Mgonjwa aliyemsumbua zaidi alikuwa mzee niliyemtunga ambaye alikunywa dawa za mizizi kwa muda mrefu kabla ya kuja hospitali. Akiniuliza, "Umetumia dawa gani?" nasema sijatumia. Akiniuliza kwa ukali kidogo, "Umetumia mitishamba?" nasema mimi si mtu wa mambo hayo. Usiku ule alishindwa, na bado sikumwambia. Kesho yake, tukiwa tunakunja nguo, nikamfundisha jinsi ya kumwuliza mtu mzima: kwanza shikamoo, vuta kiti ukae usimsimamie kichwani, kisha sema, "Mzee, kabla ya kufika huku, nyumbani mlijaribu nini kwanza?" Hiyo "mlijaribu" inamtoa mzee kwenye lawama, inakuwa jambo la familia nzima. Tukaifanyia mazoezi mpaka ikamkaa mdomoni.

Siku ya mtihani wa magonjwa ya ndani, swali hilo hilo ndilo lililofungua kesi. Mgonjwa alimweleza jambo ambalo hata kwenye faili halikuwepo. Msahihishaji akamuuliza, "Hili umelipataje?" Akajibu, "Nilimuuliza." Aliponipigia kunisimulia nilikuwa na mteja mkononi, nikamwomba anisubiri, nikatoka nje ya duka kusikiliza vizuri.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyenitahadharisha, nami namtahadharisha kila mwenye mwenza wodini. Usiku mmoja wa zamu, sindano ya kushonea mgonjwa ilimchoma kidole. Aliosha kwa maji tiririka na sabuni bila kukamua, akatoa taarifa, akaanzishiwa dawa za kinga dhidi ya Virusi vya UKIMWI usiku ule ule. Dawa hizo lazima zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na zinamezwa siku 28 bila kuruka. Hapo tatizo linakuwa la wawili: mnatumia kondomu mpaka vipimo vya mwisho vitoke, na anayemeza dawa anaweza kusikia kichefuchefu huku raundi zinaendelea. Niliweka kengele kwenye simu yangu, saa ile ile kila siku, akiwa zamu nampigia ndipo anameza. Majibu yalitoka salama. Homa ya ini aina ya B hatukuihofia kwa sababu alikuwa amemaliza chanjo zote tatu kabla ya kuingia wodini. Muulize mwenzako leo kama amemaliza zake, usingoje sindano.

Baada ya mitihani hii kuna mwaka mmoja wa intani, yaani mafunzo kazini chini ya usimamizi, na anaweza kupangiwa hospitali ya mkoa wowote. Jamaa wa Kariakoo wameshaanza tena kunishauri nimkataze akipangiwa mbali. Mimi nimeshaongea na mdogo wangu, atasimamia duka nitakapokuwa safarini, na kalenda ya mwakani nimeshainunua.