Soda mbili na bangili za mama wa Kibosho

Hii ilikuwa 2011, masika, Moshi inanyesha mpaka mlima unausahau kama upo. Mi nilikuwa tabibu niliyerudi shule kusomea magonjwa ya ngozi, na nilishafika ile hatua mbaya kuliko zote, unajua kidogo halafu unajiona umemaliza.

Akaingia mama mmoja wa Kibosho, rika la mama yangu kabisa, kitenge kimelowa kwenye pindo, bangili za shaba mkono mzima. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, nikamwambia mama nionyeshe hiyo miguu, maana kwenye karatasi waliandika "vidonda vya miguu". Vidonda vyenyewe havikuwepo. Yalikuwepo mabaka manene kwenye ugoko, miguu yote miwili, magumu kama gome la mti, rangi ya kijivu inayoelekea kwenye weusi na magamba juu yake. Miaka mitatu yanamuwasha, anasema usiku anayasugulia kwenye ubao wa kitanda. Whitfield, ile dawa ya fangasi ya kupaka, kapaka hadi kachoka, vidonge vya fangasi vya grizeofulvini kanywa vya duka la dawa, majani ya shambani nayo kayapondaponda kayabandika, wapi.

Nilikuwa zamu na jamaa mmoja wa Arusha, mbishi huyo usipime. Akasema fangasi. Mi nikasema soriasisi, ule ugonjwa wa mabaka ya magamba usioambukiza. Tukawekeana soda.

Tukachukua magamba, tukayaweka kwenye slaidi na potasiamu haidroksaidi, tukaangalia kwenye maikroskopu, hakuna hata uzi mmoja wa fangasi. Jamaa kanyamaza. Nikaona sasa ndo muda wangu, kuna ile alama ya Auspitz wanayofundisha, kwamba soriasisi ukibandua gamba vinatoka vitone vya damu kama vya ncha ya sindano, kwa sababu vimishipa vya damu vimepanda juu sana na ngozi iliyovifunika ni nyembamba. Nikakwangua. Haitoki. Nikakwangua tena, mama wa watu anakunja uso tu hasemi kitu, damu ikatoka, nikamwita mwalimu kwa furaha zote.

Mwalimu wetu alikuwa mzee mpole, anaongea taratibu. Akaangalia ule mguu, akaniangalia mimi, akasema, "Hata mimi ukinikwangua hivyo nitatoka damu."

Nikajitetea, nikamwonyesha vipele vilivyojipanga mstari pale alipojikuna, si ndo ile ya Köbner, ugonjwa unafuata mchubuko? Akasema ndiyo, lakini hiyo iko kwenye soriasisi na iko kwenye mengine pia, na soriasisi gani hii inayomnyima mtu usingizi kwa kuwasha miaka mitatu? Kweli soriasisi nayo huwasha, ila ule muwasho wa mama ulikuwa wa kiwango kingine. Halafu akafanya kitu ambacho mimi hata hakikunipitia kichwani, akamwambia mama avue bangili na afungue mdomo.

Chini ya bangili, upande wa ndani wa kifundo, vipele vidogo vimejaa, bapa juu, vinang'aa, vina kona kona, rangi ya zambarau iliyokolea. Mwalimu akadondosha tone la mafuta yale ya maikroskopu juu ya kimoja, akanipa lenzi, nikaona vimistari vyeupe vyembamba vinakatizana. Ni vile alivyovieleza Mfaransa Wickham mwaka 1895. Na mdomoni, kwenye mashavu kwa ndani kote kulia kushoto, michirizi myeupe kama vitambaa vya kufuma tunavyotandika kwenye makochi. Laikeni planasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaishambulia ngozi yenyewe. Kwenye ugoko huwa inapenda kunenepa na kuweka magamba, ndo inatupoteza. Picha zangu za kitabuni zote zilikuwa za ngozi nyeupe, nilikuwa natafuta zambarau ile ile ya kitabuni kwenye ngozi ya Mchaga!

Mama akapigwa ganzi, tukakata kinyama cha milimita 4, tukashona uzi mmoja, kinyama kikaingia kwenye formalini kisioze. Mwalimu alitaka pia kuhakikisha, maana mabaka hayo yakikaa miaka mingi mara chache hugeuka kansa.

Slaidi zilipotoka mzee akazitoa mbili, ya mama na moja ya soriasisi ya kabatini, akatukalisha. Kwenye soriasisi ngozi imeshusha vidole virefu vinavyolingana, ile tabaka ya chembechembe karibu haipo kabisa, seli zinazaliwa haraka mno hadi zinafika juu na viini vyao bado vimo, na hapo juu kuna vijipu vidogo vidogo vya nyutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu. Ya mama kinyume chake. Tabaka ya chembechembe nene, imefura kama kabari, na chini yake limfosaiti, chembe nyeupe za aina nyingine, zimejipanga utepe mzima zimeganda kwenye sakafu ya ngozi kama siafu kwenye nyama, zinaila. Seli zilizokufa zimebaki vidonge vya rangi ya waridi. Rangi ya ngozi nayo imemwagika imeanguka chini, imemezwa huko na seli nyingine. Hapo nikaelewa kwa nini wagonjwa hawa wakipona wanabaki na madoa meusi miezi na miezi, na mimi nilishawahi kumwambia mmoja kwamba hapaki dawa vizuri. Niliumia.

Soda tulilipa wote wawili, kwa kuwa wote tulikosa. Mzee akanywa Stoney zote mbili palepale kantini, bila haraka.

Mama alianzishiwa dawa kali ya kupaka, usiku anaifunika na nailoni, tukampima na homa ya ini aina ya C kwa sababu wakati mwingine huenda pamoja, akawa hana. Siku ya majibu nilimwomba radhi kwa ule ukwanguaji, nikamuuliza mama mbona hukuniambia una kitu mikononi na mdomoni? Akasema, "Wewe si uliniambia nikuonyeshe miguu."

Alirudi Julai, mabaka yameshuka, analala. Nikamwamkia, akakaa, akavua bangili akazipanga mezani, na kabla sijauliza chochote alishafungua mdomo ananisubiri.