Usiku Baba Kulwa alipoulizia nundu kwenye meza ya waini

Haya jamani nipo, msitoe tangazo la kupotelewa. Nilikuwa nasahihisha mitihani ya fomu thrii, biolojia, mikondo minne, mpaka macho yamekuwa kama ya sato wa juzi. Sasa shule zimefungwa na niliwaahidi stori ya sisi kwenda kuonja waini, basi kaeni vizuri.

Hoteli siitaji jina. Iko upande wa Capri Point, hapa Mwanza, inatazama ziwa, inatosha. Mwishoni kuna kamalalamiko kadogo na sitaki maneno na watu.

Ni hivi, tulikuwa tunatimiza miaka 10 ya ndoa. Kila mwaka sherehe yetu ni ile ile, sato wa kuchoma, ndizi, soda kwa mapacha, bia mbili kwa baba yao, saa nne kila mtu kalala. Mwaka huu nikasema hapana, nikaona tangazo kwenye simu, usiku wa steki na waini, glasi 5 za kuonja, watu wawili 180,000. Hiyo bei niliificha siku tatu nzima. Nilivyomwambia Baba Kulwa akanyamaza, akapiga mahesabu kichwani namuona kabisa midomo inacheza, alafu akasema, Mama Kulwa, hiyo hela nikienda nayo buchani Igoma narudi na kiroba cha steki.

Na hapo ndo penye utata wenyewe, maana kwetu ukisema steki unamaanisha nyama isiyo na mfupa, basi, unamwambia muuza bucha nipe nusu steki nusu mchanganyiko na maisha yanaenda. Kule steki ni kipande kimoja kizima cha mtu mmoja, kina jina lake na ukoo wake, unaletewa menyu kama orodha ya wageni waalikwa. Fileti ndo ile bibi yangu anaita sarara, kale kamsuli kanakolala chini ya uti wa mgongo kwa ndani. Ni laini kwa sababu ng'ombe hakatumikishi, miguu na shingo ndo vinavyofanya kazi kutwa, kenyewe kamelala tu. Hii nawafundisha wanafunzi kila mwaka, msuli unaofanya kazi sana unakuwa na nyuzi ngumu na utando mweupe mwingi, ila sijawahi kuukalia mezani na kitambaa kwenye mapaja.

Mapacha tukawapeleka kwa bibi yao, tukapanda bajaji. Baba Kulwa kavaa shati la harusi ya mdogo wake. Yeye ni fundi wa injini za boti kule Mwaloni, Kirumba, na mafundi wa injini za boti wananielewa nikisema hata aoge mara tatu kuna kaharufu ka petroli na oili kanabaki kwenye vidole, kameshakuwa marashi yake. Njia nzima ananusa mikono yake. Mimi viatu vilishaanza kuniua hata kabla hatujashuka.

Tumewekwa nje, kwenye varanda, ziwa lile pale, mwezi hakuna, kwa hiyo wavuvi wa dagaa wote wameingia kazini na taa zao unaona kama kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Pazuri, siwezi kusema uongo. Shida taa za varanda ziliwaita wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokujaga kama moshi, na glasi yangu ya kwanza kabla sijaigusa ilishapata mteja. Kaka mmoja akaja akaibadilisha bila hata kuulizwa, hapo nawapa maksi zao.

Mtaalamu wa waini ni kijana tu, ana tai, anaongea taratibu kama katekista. Akatufundisha: shika glasi kwenye kishina usiipashe joto na kiganja, itazame rangi, izungushe, nusa, onja kidogo, alafu kama hutaki kumeza kuna ndoo hii hapa ya kutemea. Baba Kulwa akaiangalia ile ndoo, akaniangalia mimi, akanong'ona, yaani hela yangu niteme? Hiyo ndoo haikupata hata tone kutoka meza yetu na matokeo yake mtayaona.

Glasi ya kwanza nyeupe, Chenin Blanc ya Dodoma. Mimi Dodoma zabibu nazijua kwa dirisha la basi tu, unatoka Dar unakuja Mwanza, mnasimama, vijana wanakimbia na mifuko, unanunua unakula mpaka Singida. Kumbe kule mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka, kijana akasema Ulaya ni mara moja tu kwa sababu baridi inaulaza mti, huku kwetu hakuna cha kuulaza, mkulima anaukata matawi ndo unajua msimu umeanza upya. Hiyo nimeipenda, naenda kuitumia darasani.

Sasa kunusa. Hapa ndo palikuwa sinema. Kijana anauliza meza moja moja, mnapata harufu gani? Meza ya jirani, watu wa maofisini, wanasema tufaha la kijani, wengine peasi, mmoja kasema maua meupe, sijui yapi hayo. Ilivyofika glasi ya tatu, nyekundu, kijana akasema hapa wengi wanapata blackberry, na Baba Kulwa kwa sauti akauliza, ile simu? Watu wakacheka, mimi nikatamani kuingia chini ya meza, lakini ukifikiria vizuri, nani pale amewahi kula hilo tunda? Anainusa vipi kitu ambacho hajawahi kukila? Nikachukua glasi yangu nikanusa tena kwa akili zangu mwenyewe, nikafumba macho, nikajiona niko darasa la nne juu ya mti, ulimi wa zambarau, sketi ya shule imeshaharibika. Nikasema, zambarau. Kijana akanusa yake, akanyamaza, akanusa tena, akasema mama, ni zambarau kweli. Na kuanzia hapo ile varanda ikachangamka, yule wa maua meupe akasema yeye anapata ukwaju, mwingine moshi wa jiko la mkaa.

Baba Kulwa kwenye kila nyekundu jibu lake lilikuwa moja, sakristia, kile chumba cha padri kanisani. Alikuwa mtumikiaji wa altare utotoni, huko kwao Magu, na kwake waini yoyote ni divai ya misa na divai ya misa ni kabati la sakristia. Kijana akamuuliza kazi yake, akaambiwa injini za boti, akasema mzee hebu ngoja, kuna zabibu inaitwa Riesling, ya Ujerumani, waini yake ikikaa miaka mingi inatoa harufu ya petroli na watu wanaisifia kwa hilo hilo. Jamani, Baba Kulwa alikaa sawa kwenye kiti. Mikono ikatoka chini ya meza. Riesling yenyewe haikuwepo usiku ule lakini amekuwa akiitaja hadi leo kama mtu mwenye ndugu ughaibuni.

Hiyo glasi ya tatu ilikuwa Pinotage ya Afrika Kusini. Hii nitawaeleza kidogo maana mwalimu wa biolojia hawezi kuipita, ni chotara wa kutengenezwa na profesa, Abraham Perold, Stellenbosch, mwaka 1925, kachukua Pinot Noir kaichavusha na Cinsaut, ambayo enzi hizo kule waliiita Hermitage, ndo majina yakaunganishwa. Mimi jenetiki nafundishia njegere za Mendel, yule baba wa jenetiki, miaka nenda rudi.

Ila ilinikaza ulimi. Kijana akasema hiyo inaitwa tanini, inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na Baba Kulwa akasema, ukakasi. Basi. Ukakasi, kama bibo, kama ndizi mbichi, kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Tanini inashikana na protini za mate, ulimi unabaki mkavu kama umelambishwa turubai, na ndo maana chai ile ile ukiitia maziwa inatulia, tanini inapata protini za maziwa za kushikana nazo inauacha ulimi wako. Kijana akasema ndo sababu waini hii inakaa na nyama, nyama na mafuta yake yanafanya kazi ya maziwa. Nikamwambia kijana wangu, ungeanzia kwenye chai tungeelewa tangu glasi ya kwanza.

Nyama sasa. Dada akaja kuchukua oda, anamuuliza Baba Kulwa, ungependa iive vipi?

Iive.

Ndiyo baba, lakini iive vipi?

Dada, iive.

Ikabidi mpishi mwenyewe aje. Mtu mzima, mnene, lafudhi yetu kabisa, na akaanza kumbembeleza kwamba fileti ukiikausha inakuwa soli ya kiatu, na ule wekundu sio damu. Hapo nikaingilia, ni kweli sio damu, damu ilishatoka machinjioni, ile ni mayoglobini, protini ya kwenye msuli inayobeba oksijeni. Baba Kulwa akanijibu, Mama Kulwa, mimi nimechunga ng'ombe, usiniambie damu ni nini. Mimi nikaagiza midiamu, ya kuiva nusu. Yeye akaagiza iliyoiva kabisa. Mpishi akasema pia nyama imetundikwa kwenye ubaridi siku 21 ili ilainike, vimeng'enya vya nyama yenyewe vinazilegeza zile nyuzi polepole, na mume wangu ambaye kwao ng'ombe anachinjwa alfajiri na saa sita mchana mbwa wanagombania kwato, akaniangalia kwa macho ya, unaona sasa.

Yangu ilikuwa tamu. Laini unaikata kwa kutishia. Yake, kama alivyosema mpishi, soli. Anatafuna, anatafuna, ameshika uso wa heshima, glasi ya nne imeshaisha bila ndoo, na mpishi alivyopita kuuliza kama tunafurahia, Baba Kulwa akamvuta karibu akamuuliza kwa Kisukuma, sikushika yote ila nilisikia neno moja likiwa peke yake katikati, nundu.

Mpishi akacheka mpaka kofia ikasogea. Nundu ipo, akasema, lakini hiyo tunakula wenyewe jikoni, nani ataiweka kwenye menyu hii? Na dakika kumi hazijaisha ikaja, kisahani kidogo, imechemshwa kwanza kisha ikabanikwa, mafuta bado yanaongea, chumvi na pilipili pembeni. Hakuna uma. Harufu yake ikapita meza zote, watu wa maofisini wakageuka.

Tuliila na Malbec ya Argentina, iliyokuwa bado kwenye glasi yangu, ni nyekundu nzito, mizizi yake Ufaransa ila umaarufu umeupata huko kwa wala nyama wenzetu. Ukakasi wote uliyeyuka. Sijui niwaelezeje, unakula nundu, mafuta yanajaa mdomo, unapiga funda, mdomo unasafishika, unataka nundu tena. Sarara ya siku 21 ilikuwa nzuri, lakini na waini ilikaa kama mkwe na wakwe, kwa adabu. Nundu na Malbec zilikuwa zinajuana. Kijana mwenye tai alikuja akaonja akiwa amesimama, akalamba kidole, akaondoka kimya kimya kwenda jikoni, na nyuma yake mmoja wa maofisini akaita dada, ile ya meza ile.

Baba Kulwa akamwambia mpishi wabeja, wabeja sana, yaani asante kwa Kisukuma, kwa sauti ya glasi nne zisizotemwa. Ya tano, nyekundu tamu ya Dodoma, ilikuwa ya kitindamlo, akaivuta pua akasema, sakristia, na safari hii hata kijana alikubali.

Malalamiko yangu sasa. Ikaja bili. 180,000 tulishalipa mapema kwenye simu, natarajia maji tu. Kuna mstari umeandikwa kwa Kiingereza, nyongeza ya jikoni, 20,000. Nundu! Nundu ya wafanyakazi, isiyo kwenye menyu, ya zawadi tuliyodhani! Nikataka kusimama. Baba Kulwa akanishika mkono akasema lipa Mama Kulwa, hiyo ndo chakula pekee nilichokula leo. Nimelipa, lakini moyoni bado sijalipa.

Jumamosi iliyofuata kaenda buchani mwenyewe, kitu ambacho hafanyagi. Nikamsikia kwenye simu anabishana. Alikuwa anataka nundu nzima, na anamwomba muuza bucha amtundikie na sarara kwenye friji siku 21. Jamaa akamwambia fundi, kwa umeme upi? Lete jenereta yako ya boti tuongee.