Chumvi ya mionzi isiyotaka kioo

Chumvi ya lithiamu kloraidi na potasiamu kloraidi iliyotumika kusafisha fueli ya kinu cha nyuklia cha EBR-II, huko Idaho, Marekani, hubaki na siziamu na strontiamu zenye mionzi. Taka za mionzi hufungwa ndani ya kioo ili zisivuje, lakini kuimimina chumvi hii kwenye kioo cha kawaida ni kazi bure. Kloraidi haiyeyukii humo ila kidogo sana.

Dawa ni zeolaiti 4A, unga wenye vitundu vidogo mno. Ukaushwe kwanza, maji yabaki chini ya asilimia 1. Unyevu ukizidi, kwenye joto hutoka asidi ya hidrokloriki, nayo hula chuma. Kisha huchanganywa na chumvi kwa nyuzi 500 za Selsiasi hadi inyonywe na vitundu hivyo, huongezwa kioo, robo ya uzito wote, na kuchomwa kwa nyuzi 900 na ushei. Zeolaiti hugeuka sodalaiti, madini magumu, kloraidi ikafungwa ndani. Chumvi iliyosalia nje ya sodalaiti? Ikiguswa na maji, huyeyuka kama ya mezani.