Diski nzima ndo ilotaka kunimaliza

Ami yangu ana studio ya picha za harusi huku Majengo, na mimi ndo nilomuundia kompyuta ya kuwekea kazi, Linux yenye diski mbili za tera 2 kwenye RAID 1, yaani kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. Nkamwambia ami lala usingizi, moja ikifa nyingine iko. Basi stima ikapotea ikarudi mara tatu usiku mmoja, asubuhi simu, "mwanangu mbona folda hazifunguki, na watu wa Kisauni wanataka video yao Ijumaa?"

Kufika nkaangalia /proc/mdstat, faili ya Linux inayoonyesha hali ya RAID, nkaona [_U], diski moja tu ndo iko kazini, na dmesg, kumbukumbu za Linux, imejaa makosa ya kusoma ya hiyo hiyo moja, ambayo Linux inaiita sdb. Ile nyingine, sda, imekaa nje, smartctl, programu ya kupima afya ya diski, inasema haina sekta mbovu hata moja. Raha ikanishika, nkataka niirudishe kwenye RAID kwa amri ya --add niende zangu. Alhamdulillahi kabla ya hapo nkapiga mdadm, programu ya kusimamia RAID, na --examine kwa zote mbili. Kumbe sda iliachwa nje tangu Machi na sasa ni Novemba! Hesabu ya Events, yaani mara ngapi RAID imebadilika, ya sdb iko mbele mno, ya sda imebaki nyuma. Waya wa sata, ule unaounganisha diski na kompyuta, ulikuwa umeshika kutu, si unajua hewa ya bahari, na mdadm ilikuwa inatuma onyo kwa root, yaani msimamizi wa mashine, sasa root barua zake nani anazisoma, ni mimi, na sikuzisoma.

Ningefanya --add, sdb mgonjwa angesomwa mwanzo mpaka mwisho huku anaifuta sda, akifia katikati sina ya Machi sina ya Novemba.

Kwa hivyo nkazima, nkanunua diski mpya ya tera 4, nkawasha kwa flashi ya Linux nkaanza kunakili sdb kwa ddrescue, programu ya kuokoa diski mbovu, kwanza na -n ichukue yalo mepesi bila kung'ang'ania pabovu, halafu -d -r3 irudie palipobaki, na ile faili ya ramani, inayoandika palikwisha somwa wapi, usiisahau maana stima ilipotea tena na ikaendelea pale pale ilipoachia. Siku mbili, feni ya mezani imeielekea diski kama mgonjwa wa homa.

Ilipomaliza nkachomoa sdb kabisa, maana kopi ina kitambulisho kile kile na mdadm ikiziona zote mbili inachanganyikiwa. Nkaifungua kopi kwa --assemble --run --readonly, nkamaunti ro,noload, yaani nisome tu bila kuandika kitu, folda zote hizo hapo, hadi Kisauni.

Zilokosekana ni kilobaiti chache tu, nkapiga hesabu za sekta na debugfs, programu ya kuchungulia mfumo wa faili, nkaipata faili yenyewe, harusi ya Likoni, pale bibi harusi anapoingia picha inakatika vimraba vimraba. Ami asema washachukua kopi yao zamani, nisifungue mdomo.