Belti imenishinda: gari langu la rimoti kwenye vumbi la Menengai

Wiki ya sita

Leo nimefungua gari nikakuta belti ya mbele, inayopeleka nguvu ya mota kwenye magurudumu ya mbele, imenyolewa meno saba mfululizo. Kati ya belti na puli palikuwa na kijiwe cha volkano, chepesi, kidogo kuliko punje ya mchele. Hii ni belti ya pili mwezi huu, na ya tatu sinunui.

Gari lenyewe ni la umeme, kipimo cha 1 kwa 10, na uwanja wangu ni njia za ng'ombe chini ya mlima wa volkano wa Menengai, upande wa Nakuru mjini. Vumbi la huku asili yake ni majivu ya volkano. Ukilisugua kati ya vidole linakwaruza, na likichanganyika na grisi linageuka msasa. Waliosimama kwenye hifadhi ya Soysambu wakati Safari Rally ikipita wanalijua.

Mwaka jana nilianza na gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ni jepesi, lina vipuri vichache, na udongo ukishikana baada ya mvua linakwenda raha sana. Kiangazi kikiingia, tairi za nyuma zinachimba, mkia unazunguka, na mlima haupandiki. Ndipo nikahamia fowili, yaani gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, ya belti. Belti ina heshima yake: inakimbia kimya na haipotezi nguvu nyingi njiani. Mwaka 1987 Masami Hirosaka alitwaa ubingwa wa dunia wa fowili za rimoti huko Uingereza akiendesha Schumacher CAT, gari la belti. Ila tope na nyasi za Uingereza si vumbi letu.

Kwa hiyo sasa ni shafti, yaani fimbo ya chuma inayozunguka badala ya belti, njia ambayo kampuni ya Tamiya walitumia kwenye Hotshot yao ya mwaka 1985. Najua gharama yake. Nguvu inakata kona kwenye gia za mbele na za nyuma, na kila kona inakula kidogo. Ukivuta triga ghafla, chasi nayo inajipinda upande mmoja. Nakubali yote hayo, maana boksi za gia zimefungwa pande zote na kijiwe hakina pa kuingilia.

Wiki ya nane

Shafti imekaa, lakini mlima bado ulinishinda. Nilisimama nikatazama kwa makini: gari likielekea juu, uzito unarudi nyuma, tairi za mbele zinakuwa nyepesi na kuanza kuzunguka bure, za nyuma zinasimama. Nguvu yote ilikuwa ikikimbilia mbele kupitia difu ya kati, gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma.

Nililipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza gia za trekta, maana difu ni difu. Akaizungusha kwa kidole.

"Kijana wangu, trekta ina loki ya difu. Hii yako inafungwa na nini?"

"Haina loki, mzee. Ndani kuna oili ya silikoni."

"Basi hiyo oili ni nyepesi mno. Weka nzito."

Nilikuwa na oili ya namba 3,000 katikati; namba ikipanda, oili ni nzito zaidi. Nimeweka 10,000, mbele 7,000, nyuma 5,000. Kuijaza kunataka subira: unamimina hadi pini za gia ndogo za ndani zifunikwe, unaacha nafasi ya kama milimita moja ili oili ipate pa kutanukia, kisha unaiacha robo saa mapovu yapande. Naipima kwenye mizani ya jikoni kabla ya kufunga na kuandika uzito, ili siku nikibadilisha nirudishe kiasi kilekile.

Pinioni, gia ndogo ya kwenye mota, nimeishusha pia, kutoka meno 15 hadi 13. Gia kubwa ina meno 54, kwa hiyo uwiano umetoka 3.6 hadi karibu 4.15. Mwendo umepungua, lakini mota haihemi tena. Kuzipanga gia hizo mbili natumia kipande cha karatasi ya daftari: nakiweka katikati ya meno, nasukuma mota hadi ibane, nakaza skrubu, halafu nazungusha karatasi itoke. Ikitoka imekunjwa kama bati la paa bila kuchanika, nafasi ni sawa. Ikichanika, nimebana mno.

Wiki ya tisa

Jana jioni limepanda mlima ule ule mara kumi na moja, bila kusimama. Nilipiga kelele peke yangu huko porini, na mchungaji mmoja akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Mota ilisoma nyuzi 68, na mimi mpaka wangu ni 80.

Usiku nimefungua boksi ya nyuma. Grisi bado safi, gia zinang'aa. Beringi za magurudumu ndizo zimeanza kulia, kwa kuwa zina vifuniko vya chuma na vumbi linapenya pembeni. Nimeagiza nane zenye mpira, pamoja na oili ya 3,000 ya difu ya nyuma, maana kwenye kona za vumbi mkia bado unanitoka.