Roshi na ule mwezi wake
Jamani hii mada ya nani ana nguvu kuliko nani haiishi, ila wanaonikera ni wale wanaosema Roshi, yule mzee wa katuni ya Kijapani ya Dragon Ball, kapasua mwezi kwa hiyo hata dunia anaimaliza tu, hapana aisee! Kasi ya kutoroka, yaani ile kitu kinayohitaji ili kiponyoke mvuto, mwezini ni karibu kilomita 2.4 kwa sekunde, duniani ni 11.2, halafu dunia ni nzito mara 81, sasa ukitaka vipande visambae visirudi kujikusanya, nishati ya kupasua dunia inazidi ya mwezi kama mara 1,800 hivi, maana unazidisha uzito kwa kasi mara mbili. Kuna wabishi wanaleta ile namba 139 ya Roshi kwenye skauta, kile kifaa cha kupima nguvu humo kwenye katuni, eti ndo kipimo. Haina jouli wala tani za baruti ile, mbwembwe tu. Mi napima tukio lenyewe basi.